Zamu ya Jumamosi: Historia ya Selestini Bonaventura Ruhuza, Mfuga Mbu wa Rusimbi

Baba Paroko, mashehe na majirani zetu wa Ujiji mliojaa uwanjani hapa tangu alfajiri, wazee wa ukoo mliokuja kwa boti kutoka Kagunga, ndugu zetu wa Taasisi, na ninyi nyote mliofika kumsindikiza kaka yangu, Tumsifu Yesu Kristo, asalaam alaikum, na wazee wangu shikamooni. Mimi ni Agnesi Bonaventura, mdogo wa marehemu, yule niliyemwachisha ziwa kwa kuzaliwa nyuma yake, na ukoo umeniteua nisome historia hii kwa sababu nilifundisha darasa la kwanza kwa miaka thelathini na sita, na inasemekana sauti yangu haihitaji kipaza sauti. Najua ratiba iliyobandikwa ukutani inasema mazishi ni saa saba, na sasa inakaribia saa tisa na jua limewachoma, sababu ya kuchelewa ipo, si ya aibu, nami nitaisema mwishoni mahali pake, kwa hiyo naomba mnivumilie. Watani zetu Wanyamwezi, ambao asubuhi mlilifunika jeneza kwa chandarua chenye matundu na kudai faini ndipo mkiondoe, mkisema marehemu aliwanyima ninyi ugali akaenda kuwalisha mbu, faini yenu mmekwisha kula, sasa kaeni chini.

Marehemu Selestini Bonaventura Ruhuza alizaliwa tarehe 3 Juni 1957 katika kijiji cha Kagunga, kule mpakani na Burundi, ambako mpaka leo barabara yetu ni maji, akiwa mtoto wa pili wa mzee Bonaventura Ruhuza na mama yetu Elida, wa kwanza akiwa kaka yetu Lukas, aliyeketi pale mstari wa mbele, na wa mwisho mimi ninayesoma. Hao kaka zangu wawili walilala mkeka mmoja tangu Selestini alipoacha kulala na mama hadi alipokwenda sekondari, waligombania shuka moja, waliugua surua wiki moja, na kijijini watu walipomwita mmoja waliitika wawili. Tofauti yao ilikuwa ziwani, maana Lukas alizaliwa mvuvi, alijua kuwasha karabai na kuvuta wavu wa dagaa kabla sauti yake haijawa nzito, lakini Selestini, na hapa naomba wavuvi msicheke kwa nguvu, alikuwa mtoto wa Kagunga anayetapika akipanda mtumbwi, hata siku ambayo maji yametulia tuli, ikawa baba anasema kwamba huyu Mungu alikusudia kumpeleka Kasulu kusiko na ziwa, akakosea njia.

Alisoma Shule ya Msingi Kagunga kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, akafaulu, akaendelea Sekondari ya Kigoma mwaka 1973 hadi 1976, kisha akajiunga na chuo cha afya mjini Tabora kuanzia 1977 hadi 1979, alikohitimu kuwa bwana afya msaidizi. Baba alimsindikiza hadi stesheni ya treni akiwa amembebea furushi la dagaa wakavu, na Lukas, ambaye siku hiyo aliacha kwenda ziwani, jambo ambalo kwake ni zito kuliko machozi, alimvulia koti lake akampa. Mwaka 1980 aliajiriwa wilayani Kasulu, akafanya kazi ya kukagua vyoo, visima na vilabu vya pombe kwa miaka tisa, na kwa maneno yake mwenyewe hiyo ndiyo miaka aliyoona migongo mingi ya watu, kwa sababu kila alikotokea watu walikuwa wanakimbia.

Tarehe 1 Machi 1989 aliacha kazi hiyo, akaja kuwa mmoja wa watumishi wa kwanza wa Taasisi Huru ya Utafiti wa Tiba pale Rusimbi, iliyoanzishwa na Daktari Marsiana, mama yetu huyu mwenye mvi, pamoja na madaktari wenzake, katika nyumba ya vyumba vitatu iliyokuwa ghala la mawese, na harufu ya mawese haijatoka ukutani hadi leo. Neno "huru" lilikuwa na maana, si pambo la ubaoni, kwa sababu Taasisi haikuwa ya serikali, wala ya kanisa, wala ya kiwanda cha dawa, na Daktari Marsiana aliweka sharti moja ambalo liliwakimbiza wafadhili kadhaa, kwamba anayetoa fedha hatasoma majibu kabla ya mwenye ugonjwa, na majibu yoyote yaliyotokana na damu, maji au mbu wa mahali fulani lazima yarudishwe mahali hapo yakasomwe kwa sauti. Ndugu zangu, mmezoea kusikia watafiti wamekuja, wamechukua damu, wamekwenda zao, mtu anabaki anajiuliza damu yake imeuzwa wapi, na nadhani ndiyo maana watu wa mwambao huu waliiamini nyumba ile ya mawese, kwa sababu watu wake walikuwa wanarudi.

Kazi aliyopewa Selestini ilikuwa kufuga mbu. Mnaguna, na hata sisi tuliguna, baba yetu aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri, kwamba mtoto amesomeshwa hadi Tabora ili akafuge kitu ambacho watu wenye akili wanakiua kwa viganja. Alitufafanulia kwa taratibu yake ile, akasema kwamba ukitaka kujua kama dawa ya mbu ina nguvu, huwezi kuijaribu kwa mbu wa mtaani peke yao, kwa sababu wakipona hutajua kama dawa ni dhaifu au mbu ndio sugu, hivyo unahitaji pia mbu wa kipimo, waliozaliwa ndani, ambao wazazi na mababu zao hawajawahi kukutana na dawa, ambao dawa nzima ikiwagusa lazima wafe, na wasipokufa basi mwenye kosa ni dawa. Mbu wa namna hiyo alikuja kuwatafuta Kagunga, mwezi Aprili 1990, na akawakamatia chumbani kwa baba, baba akiwa amelala makusudi bila chandarua, Lukas akiwa ameshika tochi huku akisonya, na asubuhi mbu walioshiba damu ya mzee Bonaventura wakasafirishwa kwa boti hadi Rusimbi, Selestini akitapika njia nzima na kikapu chao amekikumbatia.

Wakataga, viluwiluwi wao wakalelewa kwenye mabeseni kwa unga wa dagaa wetu wa Kigoma, wakawa mbu, wakataga tena, na ukoo huo wa mbu upo hadi leo. Jike la mbu halitagi bila damu, wakaletewa sungura, wakasusa, kwa hiyo Selestini akawa anaingiza mkono wake mwenyewe kizimbani wanywe, na mwenye wasiwasi ajue kwamba malaria hairithiwi ndani ya yai la mbu, tena mlishaji hupimwa kwanza, akiwa na vimelea au amemeza dawa hata kidonge kimoja haruhusiwi. Baba aliupenda mzaha huo kuliko sote, kila Selestini alipokwenda nyumbani alimpokea kwa kuuliza, "Wajukuu zangu wa Rusimbi hawajambo?", na Lukas alikuwa anatoka nje, hakupenda utani wa kufananisha watu na wadudu.

Tarehe 13 Julai 1991, kanisani hapa Ujiji, alifunga ndoa na shemeji yetu Devota, binti wa mzee Feliksi wa Kibirizi, wa ukoo uliohamia mwambao huu kutoka Kongo tangu enzi za babu zao. Alichelewa kuoa, nakiri, alikuwa na miaka thelathini na minne, si kwa kukosa wachumba bali kwa ubahili wa maneno, na hata posa nusura ivunjike, kwa sababu mzee Feliksi alipomwona amevimba mkono wa kulia kuanzia kiwiko hadi vidoleni alimvuta mshenga pembeni akamwambia, "Kijana ni mzuri, lakini upele ule utatumalizia ukoo," na Selestini alipoulizwa akajibu neno moja tu, "Kazini," jambo ambalo halikumtuliza mtu yeyote, mpaka Devota mwenyewe alipokwenda Rusimbi kuchungulia kwa dirisha, akarudi amecheka hadi kukaa chini, akasema anayewavumilia hao hatashindwa kuwavumilia wakwe. Walijaliwa watoto watatu, Jeremia mwaka 1992, Happiness mwaka 1994 na Martini mwaka 1999, na wajukuu watano, na kwa miaka thelathini na miwili ya ndoa hiyo sikusikia sauti ikipandishwa ndani ya nyumba ile isipokuwa ya redio.

Sasa naingia kwenye miaka ya wakimbizi, na hapa naomba utulivu, hata vijana mlio kule nyuma kwenye pikipiki, nawaona. Kuanzia mwishoni mwa 1996 Wakongomani walivuka ziwa kwa maelfu, na nyumba hii ya Selestini hapa Ujiji, yenye vyumba viwili na ukumbi, ililaza ndugu za Devota kumi na zaidi waliotoka upande wa Fizi, kabla hawajapelekwa kambini Lugufu pamoja na wenzao. Kule kambini malaria iliwaangukia watoto vibaya sana, watu wanalala chini ya maturubai, chandarua hakina pa kufungwa, ndipo likaja wazo la maturubai yaliyotiwa dawa ya mbu kiwandani, na shehena ya kwanza ilipofika Kigoma, Taasisi ikaombwa kuipima kabla haijagawiwa. Mwezi huo, Januari 1998, mvua zilikuwa zile ambazo hamjazisahau, maji yaliwafukuza sisimizi mashimoni, wakaingia majumbani. Miguu ya meza za mbu husimama ndani ya makopo ya oili chafu ili sisimizi wasipande, lakini mwenzake Nasri, huyu mnayemwona pale na kofia, akiwa ameshaanza homa ya matumbo bila kujijua, alifagia chumba, akaliegemeza fagio mezani, akaenda kulala, na sisimizi wakapanda kwa fagio kana kwamba wamejengewa daraja. Asubuhi kilikuwa kimebaki kizimba kimoja. Nasri ameniruhusu kulisema hili, na kwa miaka ishirini na mitano amekuwa akilisema mwenyewe kwa kila mtumishi mpya, kabla hajamwonyesha hata choo kilipo.

Jumapili ya tarehe 18 Januari 1998 baba yetu alifariki Kagunga kwa uzee. Selestini alifika jioni ile ile, tukamzika Jumatatu mchana, na kwa desturi yetu mtoto wa marehemu haondoki nyumbani mpaka matanga yaanuliwe na anyolewe nywele pamoja na nduguze. Lakini kule Rusimbi majike wa kizimba kile cha mwisho walikuwa wazee, wasingemaliza siku mbili bila damu, na wakifa bila kutaga ukoo wao umekwisha, Nasri alikuwa kwenye dawa, Daktari Marsiana mwenyewe alikuwa amemeza vidonge vya malaria wiki ile, damu safi iliyobaki katika Taasisi nzima ilikuwa ya Selestini peke yake. Kabla udongo wa kaburi haujakauka, Selestini akanawa mikono, akamwendea Lukas mbele ya watu wote, akasema, "Watakufa, kaka." Lukas akamjibu, "Aliyekufa ni baba." Selestini akageuka kuelekea ufukweni, na Lukas akasimama kichwani mwa kaburi akatamka kwa Kiha maneno ambayo wazee wa Kagunga waliopo hapa wanayakumbuka, nami nayasema kwa Kiswahili, "Umemwacha baba kwa ajili ya mbu. Siku utakayokufa wewe, mkono wangu hautakutupia udongo."

Ndugu waombolezaji, kwetu ndugu wa tumbo moja ndiye anayetupa udongo wa kwanza, na kiapo kikitamkwa kaburini hakifutwi kwa soda na samahani. Nitasema ninavyoona mimi, kwamba siku ile Lukas alikuwa na haki, na leo bado namwona ana haki, ila Selestini naye alikuwa na haki, na mtu akitaka kujua uchungu ni nini basi ndio huo, kuwa na kaka wawili wenye haki wasiosemezana.

Mbu wale walikunywa jioni ile, wakataga, na mwezi wa tatu walikuwa wengi wa kutosha kupima, na matokeo yake ni haya, maturubai ya shehena ile yaliwekwa mbele ya mbu wa kipimo, ambao hawajui dawa ni nini, wakatua juu yake, wakatembea, wakaruka, na kesho yake zaidi ya nusu walikuwa hai wanadai damu, maana yake dawa iliyosemwa imo haikuwamo ya kutosha. Aliyeyatengeneza, ambaye simtaji, alitaka jambo hilo lizungumzwe kwanza ofisini, lakini Daktari Marsiana alifuata sharti lake, majibu yakasomwa Lugufu kwenye uwanja wa kugawia chakula, kwa Kiswahili na Kibembe, mama wa Kikongomani wakapiga vigelegele kwa kusikia kwamba wameletewa kitu kibovu, kwa sababu, kama alivyosema mmoja wao, "Leo ndio mara ya kwanza tunaambiwa." Shehena ilirudishwa, ikaja nyingine, nayo ikapimwa, mbu wote wakafa, na msimu wa mvua uliofuata wodi ya watoto kambini ilipumua. Selestini alikuwa anarudi nyumbani akiimba, jambo ambalo shemeji Devota atawathibitishia kwamba halikuwa baraka kwa masikio, lakini Kagunga hakwenda, na Lukas akija mjini kuuza dagaa alikuwa analala Kibirizi gatini, kilomita chache tu kutoka nyumba ya mdogo wake.

Ilipita miaka kumi na saba. Mwezi Mei 2015 Warundi walimiminika Kagunga, mkajionea wenyewe, ufukwe mzima watu, maelfu wakisubiri meli ya kuwaleta Kigoma, kipindupindu kikaingia, na Taasisi ikapeleka timu ya kupima maji na magonjwa, Selestini akiwamo, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba na ameshika ndoo ya kutapikia. Aliposhuka hakukuwa na pa kulala kijiji kizima. Kaka Lukas alikuwa amewaachia nyumba yake yote mama wa Kirundi na watoto wao, yeye na mkewe wamehamia jikoni, na alipomwona mdogo wake amesimama kwenye uwanja wa baba na begi mkononi hakumsalimia, aliingia jikoni akatoka na mkeka, akautandika nje kando ya kuta za nyumba ya baba, akasema, "Uliondoka matanga hayajaanuliwa. Lala hapa." Mchana Selestini alitibu maji na kupima wagonjwa, usiku alilala mkeka mmoja na Lukas, kama zamani, na siku ya kuondoka Lukas akamkalisha kwenye kigoda amnyoe, bwana afya akagoma mpaka uletwe wembe mpya, Lukas akaufuata wembe hadi dukani akinung'unika, akarudi, akamnyoa kipara. Aliporudi Rusimbi watu walimwona na kichwa kile wakamuuliza amefiwa na nani, akajibu, "Baba," wakampa pole, wakauliza ni lini, akasema, "Mwaka tisini na nane."

Tangu hapo walisemezana, walitembeleana, Lukas akawa analala Ujiji na kulalamikia chai ya Devota kwamba ina tangawizi nyingi. Lakini juu ya udongo hakusema kitu, na siku moja nilipomgusia alinijibu, "Matanga amemaliza. Kile kingine nilikitamka mbele ya kaburi la baba, siyo mbele yako."

Marehemu alistaafu tarehe 3 Juni 2017, akaagwa kwa keki yenye mbu wa sukari juu yake, akashukuru, na Jumamosi iliyofuata akaonekana tena kizimbani. Aliomba abakiziwe zamu moja, ya Jumamosi, kwa maelezo kwamba wengine wana harusi na mpira, yeye ana mkono tu, na zamu hiyo aliishika kwa miaka minne, akiwalisha na kuwafundisha vijana, na binti yake Happiness akiwa mmoja wao, kwa sababu ndiye aliyerithi kazi hiyo, pamoja na mkono. Vitambaa vya vyandarua, dawa za ukutani na maturubai ya kambi za Warundi na Wakongomani, vyote vilipitia kwa mbu wale wa chumbani kwa baba, na kuna watoto wengi mkoa huu, wa kwetu na wa waliokimbilia kwetu, ambao leo ni watu wazima wenye ndevu na madeni, na hawajui kwamba kuna mzee alivimba mkono kwa ajili yao. Alifurahia hivyo. Nilipowahi kumuuliza kama hakutaka kufahamika alisema anafahamika sana, na mbu.

Mwezi Agosti 2021 alianza kusumbuliwa na mkojo, akapimwa hapa Kigoma, akapelekwa Dar es Salaam, ikaonekana ni saratani ya tezi dume, na aliniagiza niutaje ugonjwa huo kwa jina lake, nisiseme "aliugua kwa muda mrefu", ili wanaume mliopita miaka hamsini mnaoangalia chini sasa hivi mwende mkapimwe. Siku alipoanza dawa, alikwenda Rusimbi mwenyewe kuwaambia kwamba damu yake haifai tena, akasimama mbele ya kizimba kwa muda, kisha akaomba chai. Hakuwa mgonjwa wa kulalamika, alikaa barazani, alisikiliza redio, alibishana na Nasri kuhusu fagio, na sisi tuliomuuguza tulicheka zaidi kuliko tulivyolia. Jambo moja tu lilimsumbua. Wiki tatu zilizopita, nikiwa namnywesha uji, aliniuliza, "Agnesi, Lukas atanitupia udongo?" Mimi niliyewajibu watoto wa watu maswali miaka thelathini na sita nikamwambia anywe uji. Alifariki nyumbani kwake hapa Ujiji, Alhamisi tarehe 14 Septemba 2023, saa nne asubuhi, Devota akiwa amemshika mkono ule ule wa kulia, akiwa na umri wa miaka sitini na sita.

Kwa niaba ya ukoo tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia hapa Kigoma na Dar es Salaam, kwa mikono yao na zaidi kwa kumweleza ukweli kila hatua, kwa kuwa aliwadai majibu kama alivyoyatoa yeye. Tunawashukuru majirani wa mtaa huu, wanajumuiya waliokesha wakiimba, kina mama wa Kiislamu walioleta mikeka na masufuria kabla hata hatujajua tutaomba wapi, wavuvi waliowaleta ndugu zetu kutoka Kagunga bila nauli, na Wakongomani wa mwambao huu, ambao baadhi yao mlianzia kwenye ukumbi wa nyumba hii mkiwa mmelala mzungu wa nne. Tunaishukuru Taasisi, Daktari Marsiana, Nasri na watumishi wote, mliofunga milango leo ili kuja kumzika mwenzenu, kama ilivyo desturi ya mji huu kwamba kwenye msiba kazi husimama.

Na hapo ndipo penye sababu ya kuchelewa. Leo saa nne asubuhi, tukiwa kwenye kikao cha ukoo tunapanga nani atasoma na nani atashika msalaba, kaka Lukas aliuliza, "Leo siku gani?" Tukamwambia Jumamosi. Akauliza, "Zamu ya nani?" Wote tulikuwa tunajua ilikuwa ya nani. Akainuka, akachukua koti, akawaambia Nasri na Happiness wamwonyeshe njia, wakaenda naye Rusimbi kwa miguu, mzee wa miaka sabini, wakafungua Taasisi iliyofungwa, wakampima damu kidoleni ikawa safi, wakamnawisha mara mbili kwa sababu mbu walikuwa hawamtaki kwa harufu ya dagaa, kisha akakunja shati, akaingiza mkono. Happiness alimwambia kizimba kimoja kinatosha kwa heshima. Akakataa, akasema zamu hailishwi nusu, akavipitia vyote, na ndiyo maana jua limewachoma.

Alipotoa mkono aliuangalia, ulikuwa umevimba kuanzia kiwiko hadi vidoleni, akamwambia Nasri maneno ambayo ameniruhusu niyasome, na nayasoma kama yalivyo, "Mkono wangu nilishauapia. Huu leo ni wa Selestini, nimemwazima." Basi tutakapofika makaburini, mkiona kaka Lukas anatangulia kuinama na kushika udongo wa kwanza, msishangae mkono huo ulivyo, wala asitokee mtu wa kumpaka dawa, usije ukarudi kuwa wake kabla ya kaburi.

Selestini, kaka yangu, uliniuliza swali nikakupa uji. Jibu ni ndiyo, atakutupia. Zamu yako imeshikwa, wajukuu wa baba wameshiba, pumzika kwa amani.